Tusiisimulie Filamu, Tuipime

Ukiacha mpira wa miguu, sidhani kama kuna jambo linalozungumzwa katika nchi yetu kuliko filamu. Watu huzizungumza katika daladala, barazani, saluni, kwenye foleni ya benki na ofisini saa ya chai. Aliyekesha jana akitazama hawezi kunyamaza leo. Hana budi amtafute mwenzake ampe habari. Mwenzake naye, kama ameiona, huitikia. Kama hajaiona, husikiliza kwa shauku. Haya ni mambo mema. Taifa ambalo watu wake hawana la kusema juu ya kazi za sanaa walizoziona ni taifa lililolala.

Lakini, ndugu msomaji, hebu siku moja tega sikio uyachambue yasemwayo. Utasikia mambo ya aina tatu. La kwanza ni masimulizi: basi yule jamaa akaingia, kumbe mkewe yumo ndani, basi akatoa bastola, huendelea hivyo mpaka mwisho, na msimulizi akishamaliza huinuka akaenda zake, kana kwamba amekwisha toa maoni. La pili ni tamko la neno moja: kali; mbovu; inaliza. La tatu ni habari za watu: mwigizaji fulani ameachana na mumewe, fulani amejenga nyumba, fulani hasalimiani na fulani. Katika mambo yote hayo matatu filamu yenyewe haimo. Aliyekuwa hajaiona hajui kwa nini aitazame, aliyeitengeneza hajui alipokosea wala alipopatia, na anayesema mwenyewe hajui kwa nini alicheka au alilia.

Nasema, na niko tayari kubishana na yeyote, kwamba kusimulia si kuhukumu na kushangilia si kupima. Taifa lisilokuwa na desturi ya kutoa maoni yenye hoja juu ya filamu zake halitapata filamu nzuri, hata likipewa mitambo ya dunia nzima. Tena nasema kwamba kazi hii si ya wasomi peke yao, wala si ya Serikali peke yake. Ni kazi ya kila mwenye macho mawili aliyetoa fedha yake na saa mbili za maisha yake akakaa mbele ya kioo.

MAONI YETU KATIKA DAFTARI ZA WENGINE

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa Waingereza uliotengeneza filamu kwa ajili ya watu wa Afrika ya Mashariki. Msimamizi wake katika kazi ya kupiga picha alikuwa Meja Notcutt, na fedha zilitoka katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Zilitengenezwa filamu 35, nyingi za mafundisho: kilimo, afya, kodi, kuweka akiba. Zikachukuliwa kwa gari zikaonyeshwa mijini na vijijini, na wenye mradi wakaandika jinsi watu walivyozipokea: wapi walicheka, wapi walinyamaza, kipi walikielewa na kipi hawakukielewa. Mwaka 1937 wakachapisha kitabu juu ya kazi hiyo.

Angalia basi jambo hili. Maoni ya awali ya watazamaji wa nchi hii juu ya filamu yaliandikwa. Lakini hayakuandikwa na watazamaji. Mtazamaji alichunguzwa kama mgonjwa anavyochunguzwa na daktari, naye daktari akaandika cheti kwa lugha asiyoijua mgonjwa. Wala mambo hayakubadilika sana mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilipotengenezwa nchini filamu za hadithi kwa Kiswahili, kama vile Muhogo Mchungu, ambazo ndani yake aliigiza kijana Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu mwaka 1962. Watu walizifurahia. Lakini aliyepima kama zimefaa au hazikufaa alikuwa ni yule aliyeziagiza.

Tulipojitawala tulifanya mengi. Mwezi Desemba mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akaeleza kuwa utamaduni ndio roho ya taifa. Mwaka 1968 ikaanzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Katika miaka ya 1970 tukatengeneza wenyewe filamu kama Fimbo ya Mnyonge, juu ya siasa ya Ujamaa. Mwaka 1976 Bunge likapitisha Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, na kwa sheria hiyo ikawapo Bodi ya kukagua kile kitakachoonyeshwa. Kwa hiyo tulijenga chombo cha kutengeneza, na tukajenga chombo cha kukagua. Ambacho hatukujenga ni mahali pa kuhakiki.

Mambo hayo mawili ni mbalimbali, ingawa wengi huyachanganya. Mkaguzi huuliza: je, filamu hii itadhuru? Mhakiki huuliza: je, filamu hii ni nzuri, na kwa nini? Mkaguzi akishapiga muhuri kazi yake imekwisha, na mara nyingi sababu zake hubaki katika jalada. Kazi ya mhakiki ndiyo kwanza inaanza, nayo haina maana isipofanywa hadharani. Nimekuwa mtumishi wa umma kwa muda mrefu wa kutosha kujua thamani ya jalada. Najua pia kwamba hakuna msanii aliyepata kujifunza kutoka katika jalada lililofungwa.

TULIWAHI KUBISHANA VIZURI

Wako watakaosema kwamba watu wetu hawana asili ya kuhukumu filamu. Kwamba wao ni wa kucheka na kupiga miluzi tu. Hilo si kweli. Wazee wetu waliokuwa vijana katika miaka ya 1950 waliiona Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, na ilipendwa mno katika miji ya pwani. Filamu ile ina swali moja kubwa: je, mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na mtoto wa muungwana lazima awe muungwana? Hakimu katika hadithi anaamini hivyo; kisha mwanawe mwenyewe, aliyefukuzwa na mama yake akiwa bado tumboni, akalelewa na njaa na jambazi, anasimama kizimbani mbele yake. Watu wa Unguja na wa Dar es Salaam hawakuhitaji kujua Kihindi wapate kuliona swali hilo. Walitoka nalo katika jumba la sinema wakaenda nalo barazani, na katika jamii iliyokuwa bado inapima watu kwa nasaba lilikuwa swali la moto. Aliyesema hakimu amekosea alikuwa anasema jambo juu ya mtaa wake mwenyewe.

Sisi tuliozaliwa baadaye tuliyakuta majumba yale yakiwa bado hai: Majestic kule Unguja, Empire, Avalon na Odeon hapa Dar es Salaam, na ule uwanja wa sinema ya magari uliofunguliwa mwaka 1966, ambao leo mahali pake pana ubalozi wa Marekani. Jumba la sinema lilikuwa na faida moja ambayo hatukuitambua mpaka lilipotutoka. Watu mia nne waliona kitu kile kile kwa wakati ule ule, wakatoka kwa mlango mmoja. Mabishano yalianzia mlangoni. Leo kila mtu anatazama peke yake katika simu, huyu yuko mwanzo, huyu katikati, huyu ameiruka nusu. Wanapokutana hawana kitu kimoja cha kubishania, na ndiyo maana hulazimika kusimuliana.

Kati ya majumba yale na simu hizi vilikuwapo, na vingaliko, vibanda vya video, ambavyo vijana wenye utani waliviita vibanda umiza. Humo alitokea msanii ambaye mataifa mengi hayanaye: mtafsiri wa filamu, anayesimama juu ya sauti ya filamu ya Kimarekani, ya Kihindi au ya Kichina, akaieleza kwa Kiswahili huku picha ikienda. Jina la Lufufu linajulikana na kila aliyepita katika vibanda hivyo. Mimi siwabezi watu hao. Ni mafundi wa lugha, na wameifanya kazi ambayo shule na magazeti hayakuifanya. Lakini tuseme ukweli: mtafsiri hatafsiri tu. Humwambia mtazamaji huyu ni mbaya, huyu ni mjinga, hapa cheka, hapa shangaa. Maoni yamekwisha tolewa kabla jicho halijatazama. Na mtazamaji aliyelelewa hivyo kwa miaka ishirini, ukimwuliza maoni yake, atakupa masimulizi, kwa sababu masimulizi ndiyo aliyofundishwa kuwa ni maoni.

HOJA ZA WAPINZANI

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Nitayajibu moja moja.

Hoja ya kwanza husema: filamu ni burudani tu, mtu amechoka na kazi, mwache acheke alale. Nami nasema, ngoma nayo ni burudani, na hakuna mahali pengine ambapo Mwafrika ni hakimu mkali kama penye ngoma. Mpigaji akikosea pigo moja wacheza husimama wakamtazama. Hata mpira ni burudani. Lakini msikilize kijana anayeuza maji stendi akieleza kwa nini timu yake imefungwa: beki wa kulia alipanda mno, kiungo akaachwa peke yake, kocha akachelewa kubadilisha. Huo ni uhakiki, tena uhakiki wa hali ya juu, wenye sababu na matokeo. Kijana huyo huyo ukimwuliza juu ya filamu atakuambia ni kali. Akili anayo. Hajaombwa kuitumia, basi.

Hoja ya pili ni ya huruma: wasanii wetu ni wachanga, tusiwavunje moyo, filamu ni yetu, tuisifu. Hii ndiyo hoja ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu imevaa nguo za uzalendo. Tangu mwaka 1968 tulipoanzisha kampuni yetu wenyewe imepita zaidi ya nusu karne. Ni mtoto gani huyu asiyeachishwa ziwa? Wahenga walikwisha tuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na tembo lilitiwa maji mbele ya macho yetu. Filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson mwaka 2003, ilifungua mlango. Kwa miaka kumi iliyofuata soko la Kariakoo lilijaa filamu za Kiswahili, mpya zikitoka kila wiki. Vijana wengi walipata riziki. Lakini upesi tulianza kuona hadithi moja ikikatwa vipande viwili iuzwe mara mbili. Tukaona majina ya Kiingereza juu ya hadithi za Kiswahili. Tukaona tafsiri za Kiingereza chini ya picha ambazo Mwingereza hazielewi na Mswahili hazihitaji. Tukaona mwigizaji amelala hospitali amepakwa wanja. Barazani watu walicheka. Hadharani wakasifu. Kisha wakaacha kununua, kimya kimya. Soko lilipoanguka tuliambiwa wezi wa kunakili ndio walioliua. Wezi walikuwapo, sikatai, na walitenda dhuluma kubwa. Lakini mteja aliyeondoka bila kusema kilichomwondoa naye alichangia. Laiti angesema mapema, kwa adabu na kwa sababu, huenda fundi angesikia.

Mfikirie Steven Kanumba. Alipofariki mwezi Aprili mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 28 tu, jiji la Dar es Salaam lilisimama, na umati uliofika kumzika hausahauliki. Waliomlilia walikuwa wengi mara nyingi zaidi kuliko waliopata kuandika, akiwa hai, ukurasa mmoja wa kumweleza ni lini aliigiza vyema na ni lini alijirudia. Tulimpa machozi yetu yote, na maoni yetu tukamnyima. Huo si upendo uliokamilika.

Hoja ya tatu inasikika kuwa ya busara: maoni ni ya mtu binafsi, wewe unapenda hiki, mimi napenda kile, hakuna la kubishana. Ni kweli kwamba kupenda ni kwa mtu binafsi. Lakini sababu ya kupenda si ya mtu binafsi. Ukiitamka imekuwa ya wote, na yeyote aweza kuipima. Mimi natoka katika uwanja wa ushairi, na uwanja huo ni shahidi wangu. Kaluta Amri Abedi alipochapisha kanuni za kutunga mashairi mwaka 1954, aliweka wazi kipimo chake: vina, mizani, beti. Chama cha UKUTA, kilichoanzishwa mwaka 1959, kikakusanya washairi chini ya vipimo vya namna hiyo. Halafu mwaka 1974 akaja Euphrase Kezilahabi na Kichomi chake, mashairi yasiyofuata vina wala mizani ya kale, na vita vikalipuka. Wengine walisema hayo si mashairi kabisa. Wengine wakajibu kuwa vina ni vazi tu, si mwili. Walijibizana magazetini na vitabuni miaka na miaka. Je, ushairi wa Kiswahili ulikufa kwa mabishano hayo? Ulinenepa. Mwenye vina alilazimika kuonyesha kwamba vina vyake vina kazi. Asiye na vina alilazimika kuonyesha kwamba uhuru wake si uvivu. Kama kila mmoja angesema ni maoni yangu tu, tusingekuwa na chochote.

Hoja ya nne husema: waachie wajuzi, wako waamuzi wa matamasha, wako wageni waliobobea. Na kweli, siku hizi filamu yetu ikionyeshwa ng'ambo twajua ni nzuri, isipoonyeshwa twajua ni mbaya. Filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilipoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, habari iliyozagaa ilikuwa kwamba imefika Toronto. Ni sifa kubwa, nami nampongeza. Lakini niliwauliza wenzangu kadhaa waliokuwa wakiishangilia: je, mmeionaje? Wengi walikuwa hawajaiona. Wale wa Vugiri waliandika maoni yetu katika daftari zao bila sisi kuwaomba. Leo twawapelekea daftari sisi wenyewe.

MFANO WA NINACHODAI

Anayewadai wengine maoni yenye hoja hana budi atoe yake. Nitaeleza kwa kifupi filamu mbili, si kwa kuwa neno langu ni la mwisho, bali lipatikane la kubishania.

Nianze na hiyo hiyo Vuta N'kuvute. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999: Unguja ya miaka ya 1950, msichana wa Kihindi Yasmin anayeozwa mzee asiyempenda, rafiki yake Mwajuma, na Denge, kijana mpigania uhuru. Riwaya ile ni ya maneno. Watu wake hutaniana, hubishana, husutana, na msomaji husikia sauti ya Ng'ambo nzima. Filamu imechagua njia nyingine. Imechagua ukimya. Picha hukaa juu ya uso, juu ya ukuta, juu ya maji, ikasubiri. Wako waliosema inachosha. Mimi nasema uchaguzi huo umefaulu upande mmoja na umepungukiwa upande wa pili. Umefaulu kwa Yasmin. Yeye amelelewa asiseme, kwa hiyo ukimya wake ni usemi wake, na anapoasi tunauona uasi kabla ya kuusikia. Lakini kwa Denge ukimya umepunguza mtu. Mpigania uhuru ni mtu wa maneno. Kazi yake ni kushawishi. Twamwona akiteswa, twamwona akipenda. Hoja iliyowafanya wenzake wahatarishe roho zao kwa ajili yake twaisikia kidogo mno. Hivyo mapenzi yakasimama mbele na siasa ikawa mandhari nyuma yake, ambapo katika riwaya viwili hivyo vinavutana, kama jina lenyewe lisemavyo. Mwajuma, aliyeigizwa na Siti Amina, ndiye aliyenikosha kuliko wote: ni mwimbaji wa kweli, na anapoimba hatuigizwi taarabu, tunapewa. Na Kiswahili cha Unguja kimesemwa kama kinavyosemwa, bila kusafishwa kwa ajili ya mtu wa bara. Hilo peke yake ni somo.

Ya pili ni Binti ya Seko Shamte, ya mwaka huo huo wa 2021. Hapa tunapewa wanawake wanne wa Dar es Salaam: Tumaini anayeandamwa na deni, Angel aliye na mwanamume mpigaji, Stella anayetafuta mtoto, na Rose mwenye mtoto mwenye usonji. Sifa yake kubwa ni kwamba haimdhihaki mwanamke wala haimfanyi shetani, kama filamu nyingi za Kariakoo zilivyozoea kumfanya, mara mchawi, mara mvunja nyumba. Hadithi ya Rose imenigusa zaidi, maana inasema jambo ambalo majirani hulisemea puani tu. Lakini nina malalamiko mawili. La kwanza, hadithi nne katika chungu kimoja. Kila moja inapoanza kuchemka inaepuliwa. Ya Angel hasa ilihitaji muda, kwa kuwa swali lake gumu si kwa nini mwanamume anapiga, bali kwa nini watu wote wanaomzunguka mwanamke huyo wanamhimiza avumilie. La pili, lugha. Watu hawa huchanganya Kiswahili na Kiingereza kila wanapofungua kinywa. Najua nitaambiwa ndivyo watu wa tabaka hilo wanavyosema mjini. Nakubali. Lakini basi filamu ituonyeshe kwamba inalijua hilo: nani huchanganya, mbele ya nani, na hubadili lugha anapokasirika au anapoogopa? Msanii hana budi kuichagua lugha ya watu wake, asiiache imwagike tu.

Haya ndiyo maoni yangu. Utaona sikuisimulia hata moja mpaka mwisho, na ambaye hajaziona sikumwharibia. Utaona pia kwamba kila nilichosifu na kila nilichokosoa nimekitolea sababu, na kwa hiyo aweza kutokea mtu akasema mshairi huyu amekosea: ukimya wa Denge ni ukimya wa mtu anayewindwa. Akisema hivyo nitafurahi, maana tutakuwa tunazungumza juu ya filamu.

NINI KIFANYIKE

Mtazamaji anahitaji vipimo, kama mshairi anavyohitaji mizani, navyo si vigumu. Ajiulize kwanza juu ya hadithi: je, tukio hili limezaliwa na lile, au limeanguka tu kutoka mbinguni kwa sababu mwandishi amekwama? Ajiulize juu ya lugha: je, mkulima anasema kama mkulima na hakimu kama hakimu, au wote wanasema kwa kinywa kimoja? Ajiulize juu ya picha na sauti: je, nimeonyeshwa, au nimeambiwa tu? Mwisho ajiulize juu ya maana: filamu hii inataka niamini nini juu ya watu, juu ya mali, juu ya mwanamke, juu ya maskini, nami nakubali? Tumezoea kuuliza swali moja tu, kama steringi ameshinda. Steringi hafi, husema watoto. Basi tuulize walau kama alistahili kuishi.

Tena ziko adabu zake. Asiyeitazama mpaka mwisho aseme hivyo. Kazi ihukumiwe kama kazi. Ndoa ya mwigizaji si sehemu ya filamu. Tusi si hoja, na sifa bila sababu si zawadi. Na aliyehukumiwa ajibu kwa hoja, asikimbilie kusema anaonewa wivu.

Kwa upande wa wakubwa, nina maombi matatu. Shule zetu za sekondari zinafundisha uhakiki wa riwaya, tamthiliya na ushairi. Wanafunzi wapewe pia filamu moja ya Kiswahili kila mwaka waichambue kwa Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo sanaa watakayokutana nayo maisha yao yote. Magazeti ya Kiswahili yatenge safu ya kupima filamu, na safu hiyo isiandikwe na watangazaji wa filamu hizo hizo. Na Bodi inapoamua jambo juu ya filamu, iziweke sababu zake mbele ya wananchi kwa lugha ya wananchi, ili nazo zipimwe kama maoni mengine. Sera yetu ya Utamaduni ya mwaka 1997 imetaka sanaa zikuzwe. Sanaa haikuzwi kwa vibali na tuzo peke yake, kama vile mti haukui kwa kuzungushiwa ua.

Kwako wewe mtazamaji ombi langu ni dogo zaidi. Filamu utakayoitazama wiki hii, ukiulizwa kesho imekuwaje, usianze na "basi yule jamaa". Anza na "nadhani", halafu useme "kwa sababu". Aliyekuuliza naye akatae, akubali, au aongeze. Atakayeona kwamba nimewaonea watengenezaji au nimewapendelea, au kwamba vipimo vyangu ni vya mtu wa mashairi na havifai kwa filamu, aandike. Nangoja majibu.